Akina Chacha Mwita wa Josho la Gorong'a

Rhobi na Neema, simu ya josho sasa iko mikononi mwenu. Mliniomba niandike jinsi nilivyoanza kazi na roboti, ili msirudie makosa yangu. Mtayarudia tu, lakini naandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta sentensi imelala chini, iinueni wenyewe. Mshahara sitautaja, haukuwa mrefu kiasi cha kujaza mstari. Cheo sikupata. Niliitwa bibi wa lango, na hicho si cheo, ni mahali nilipokuwa nasimama.

Nilizaliwa Nyambureti, nikaolewa huku Gorong'a, mke wa tatu wa mzee Matiko. Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa ndoo. Kwa atakayesoma hii bila kuwahi kuona josho: ni mfereji wa zege, mwembamba na wenye kina, umejaa maji yaliyochanganywa na dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili akiwa safi na mwenye hasira. Kila anayeruka anamwaga maji, na kazi yangu ilikuwa kuyarudisha. Siku ya kuogesha ni Alhamisi, na Alhamisi ile ya kwanza niliogeshwa mara nyingi kuliko ng'ombe yeyote. Nikarudi nyumbani nanuka dawa, mke mwenzangu Nyangi akaniambia nilale kwa amani, maana kupe hawatanisogelea mpaka mavuno.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Nyamhanga, aliyeshika lango kabla yangu. Alikuwa na filimbi, fimbo na maneno machache. Alinifundisha kuchanganya dawa kwa kipimo na siyo kwa huruma, kwa sababu kupe hana shukrani. Alinifundisha kwamba ndama haogeshwi nyuma ya dume, hata kama mwenye dume ni mkwe wako. Na alinifundisha majina. Alisema uso wa mtu unabadilika, leo ana ndevu kesho hana, lakini ng'ombe wake ni wale wale. Ukimsahau mtu, tazama mkia anaoufuata. Alipoanza kuona ukungu machoni alinipa filimbi na fimbo, akaenda kukaa nyumbani kwake, na kila Alhamisi alituma mjukuu wake Weisiko kuuliza kama nimekosea jina. Sikuwahi kukosea.

Hapa lazima nieleze habari ya majina, maana ndiyo iliyotaka kutuua. Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Mtoto anapewa jina la babu, na babu naye alipewa la babu yake, basi majina yanazunguka kama ng'ombe kwenye zizi. Alhamisi moja langoni nilikuwa na akina Chacha Mwita watano, akina Mwita Chacha wanne, na Marwa sikwambii. Nilikuwa naita "Chacha Mwita" huku nikimnyooshea kidole ninayemtaka. Kidole kilikuwa nusu ya kazi.

Lakini moyoni kila mmoja nilikuwa na jina lake la pili, na kijiji kizima kilikuwa nalo. Yuko Chacha Mwita aliyekimbia fisi. Alikimbia kutoka mtoni mpaka kwa mwenyekiti akipiga mayowe, akaacha kiatu kimoja, na aliyekuwa anamfukuza ni mbwa wa mwenyekiti mwenyewe, wa rangi ya kahawia, mkia mfupi. Nilikuwepo, nachota maji. Yuko Chacha Mwita wa sindano, aliyezimia siku ya chanjo, na sindano ilikuwa ya ng'ombe. Yuko wa kesho, ambaye kila kitu ni kesho. Yuko wa redio, anayetangaza. Na wa tano ni Chacha Mwita mpole, lakini hilo nalo lilikuwa la dhihaka. Majina haya hayasemwi mbele ya mwenyewe. Unaweza kuishi na mtu miaka yote, ukamzika, ukamlilia, na jina lake lile usilitamke akalisikia. Hiyo ndiyo adabu.

Sasa roboti. Wanachama walikuwa wanalalamika kwamba wanashinda na mifugo kwenye foleni tangu alfajiri. Mzee Marwa, mwenyekiti wetu, akasikia kuna roboti isiyo na mwili, inayokaa ndani ya kundi la ujumbe wa simu, unaiandikia amri nayo inajibu. Ikawa imeamuliwa: roboti ndiyo itakayotangaza zamu. Akaletwa Ghati, binti wa Ringwani aliyesomea mambo hayo, apewe majaribio mpaka mkutano wa baada ya mavuno. Wanachama wakiikubali roboti, Ghati anabaki na kazi. Wakiikataa, anarudi kwao. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe kumsomesha, na majirani Ringwani walikuwa wanamwuliza mzee huyo kila siku kama ng'ombe wake wameshajifunza kubonyeza.

Mimi niliambiwa nimsaidie. Nilichosikia ni kwamba amekuja kuchukua lango langu. Akanisalimia shikamoo kwa kupiga goti, nikaitikia, nikamkaribisha kiti, yaani ndoo, ile iliyopasuka. Akakaa, ikambana. Hakulalamika. Nikaona basi, huyu ana malezi.

Alinieleza roboti kwa subira mpaka nikaelewa, nami nawaeleza ninyi vile vile. Anayejenga roboti vibaya anaweka amri zote ndani ya nyumba moja. Moto ukishika jikoni, chumba cha kulala kinaungua, na debe la mahindi. Ghati alitumia mfumo ambao ni kama boma. Kuna faili moja kuu, hiyo ni lango na ua, haipiki wala hailali, kazi yake ni kufungua na kujua nani yuko ndani. Halafu kila amri ina faili lake, kama kila mke alivyo na nyumba yake na mafiga yake. Ukitaka amri mpya, unajenga nyumba mpya, unaitambulisha langoni, basi. Ukitaka kuirekebisha, unaiondoa hiyo moja, wengine wanaendelea kupika. Nilimwambia anyamaze, hayo nimeyaishi. Nyangi aliwahi kuunguza nyumba yake yote akikaanga kumbikumbi, na ugali wangu siku ile uliiva vizuri tu.

Nyumba ya kwanza tuliyojenga ni ndogo kabisa. Unaandika alama ya mshangao, halafu neno nipo, roboti inajibu: Nipo, bibi. Haifanyi kingine. Ghati alisema kila anayeanza aanze na hiyo, kwa sababu kama roboti haiwezi kuitika, haina haja ya kuifundisha kuhesabu ng'ombe. Ile alama ya mshangao ni hodi. Bila hodi roboti inanyamaza, inajua watu wanaongea mambo yao. Siku mbili za kwanza nilisahau hodi, nikawa naigombeza roboti mbele ya kundi zima kwamba haina adabu, kumbe asiye na adabu ni mimi.

Halafu tukajenga nyumba ya zamu, inayotangaza nani anaingia. Nikaandika hodi, zamu, Chacha Mwita. Roboti ikatangaza zamu ya Chacha. Chacha tu. Wilaya nzima ya Tarime ingekuja. Ghati akaniambia roboti inakata maneno penye nafasi, imechukua neno la kwanza ikatupa la pili; lazima uiambie ichukue yote mpaka mwisho wa mstari. Hilo mliandike ukutani, litawapata. Siku nyingine nyumba ya dawa, inayojibu kipimo, iliharibika, na badala ya kusema imeshindwa, roboti ilimwaga mistari kumi na minane ya Kiingereza kwenye kundi. Mzee Marwa akadhani ametukanwa, akaomba atafsiriwe. Tangu hapo kila nyumba tuliiwekea neno la kusema ikishindwa, la Kiswahili na la heshima: Samahani, nimekwama, mwambieni Ghati.

Amri ya kupakia nyumba, yaani kuiingiza bomani, na ya kuondoa nyumba alitufungulia watu wawili tu, yeye na mimi. Mzee Marwa aliijaribu kwa siri, roboti ikamjibu mbele ya watu kwamba hana ruhusa. Alikaa siku mbili hasemi na simu yake.

Mwanachama pekee ambaye roboti haikuwahi kumkosea ni Mashimba, Msukuma aliyekuja kuchimba dhahabu akaishia kufuga. Alikuwa Mashimba mmoja tu katika daftari lote. Alikuwa anaitwa, anaingia, anatoka, anakunywa chai, na akina Chacha bado wanabishana.

Ghati akaniuliza mimi nawatofautishaje. Nikamwonyesha kidole. Akasema roboti haina kidole. Basi nikafunga mlango wa ofisi, nikamtajia yale majina ya pili yote, moja baada ya jingine, naye akiandika na machozi ya kicheko yanamtoka. Tukakubaliana yakae ndani, tuyaone sisi wawili. Akajenga nyumba mpya ya zamu, ya majaribio, inayojua fisi ni nani na sindano ni nani, tukaijaribu kwenye kundi dogo la watu wawili. Ilipanga zamu sawasawa. Akaniambia bado hajafunika majina, nisiipakie kwenye kundi kubwa mpaka atakaporudi. Akaenda Ringwani kumwona mama yake aliyekuwa anaumwa.

Wanangu, kuweza jambo ni ugonjwa. Nilikuwa bibi wa darasa la tatu mwenye uwezo wa kuandika hodi, pakia, na jambo likatokea kweli. Jumatano nikaitazama ile nyumba mpya inavyopanga vizuri, nikaona kwa nini watu wateseke Alhamisi nyingine tena. Nikaandika hodi, pakia. Roboti ikajibu: Tayari, bibi. Nikalala nimeridhika.

Alhamisi asubuhi simu zote za Gorong'a zililia kwa pamoja. Zamu ya kwanza: Chacha Mwita Aliyekimbia Fisi. Zamu ya pili: Chacha Mwita wa Sindano. Na kuendelea mpaka chini, hakusahauliwa mtu. Nilipofika langoni hakukuwa na foleni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikufurahi kuona hivyo. Walikuwa wamesimama pembeni, wanaume wote, ng'ombe wanajilisha wenyewe. Mashimba peke yake alikuwa anaogesha.

Ghati alifika kwa bodaboda saa hiyo hiyo, hajui kitu. Chacha Mwita aliyekimbia fisi ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Alisema binti ametolewa Ringwani kuja kuwatukana wazee wa watu kwa mashine, na kwamba leo leo roboti izimwe na yeye apande pikipiki ile ile kabla haijapoa. Ghati alisimama na begi lake begani, ananitazama. Hakusema ni mimi. Angeweza kusema, na hakusema.

Kwanza niliinama nikashika ndoo kana kwamba nina kazi. Siwafichi. Halafu nikasema, "Aliyempa majina ni mimi, na aliyepakia jana ni mimi. Huyu alinikataza."

Mzee Marwa akauliza kama yuko mtu hapo ambaye majina hayo aliyasikia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Watu wakatazama kwato. Akasema basi tusimtwishe mtoto wa watu mzigo wa kijiji. Lakini Chacha alishikilia, na wengine wakamuunga mkono, kwamba roboti yote izimwe. Nikachukua simu, nikaandika hodi, ondoa, zamu. Nyumba ile ikatoka. Papo hapo Mashimba, aliyekuwa hafuatilii, akaandika kuuliza kipimo cha dawa, na roboti ikamjibu kipimo cha dawa. Mzee Marwa akawaonyesha watu simu yake. Akasema nyumba iliyotukana imebomolewa, hizi nyingine zimekosa nini? Wakakubaliana hivi: Alhamisi ijayo roboti iite zamu mbele ya mkutano, bila tusi na bila kuchanganya watu. Ikichanganya au ikitukana, Ghati aende; ikiweza, watu wainue mikono abaki, bila kungoja mavuno.

Wiki ile hatukulala vizuri. Ghati alijaribu kuwapa namba, wakasema wao si wafungwa. Akafungua nyumba ya kila mtu kujichagulia jina la pili mwenyewe, na akina Chacha Mwita wote watano wakajiandikisha Simba. Jumanne nikakumbuka kwamba nyumbani kwetu, mzee Matiko akitaka mtoto fulani, hakuita kwa jina la baba, maana baba ni yeye kwa wote. Aliita kwa nyumba ya mama. Tukaanza kuandika: Chacha Mwita, nyumba ya Nyangi. Chacha Mwita, nyumba ya Rhobi. Si Nyangi wetu wala Rhobi wewe, majina yanazunguka. Hakuna mwanaume wa hapa atakayesema jina la mama yake ni tusi. Tukamaliza Jumatano, na tulipofika mwisho tukakuta Chacha wa fisi na Chacha wa sindano, mama zao wote wawili ni Boke. Boke binti Marwa, wote wawili, Mungu awarehemu. Ghati aliweka kichwa mezani. Halafu akaandika kwamba roboti ikikuta watu wawili wanaofanana isikisie, iulize. Alisema roboti inayokisia ni mbaya kuliko roboti inayouliza. Hilo nalo ukutani.

Alhamisi watu walijaa kuliko siku ya chanjo. Roboti ikaita wa nyumba ya Nyangi, akaingia. Ikaita wa nyumba ya Rhobi, akaingia. Watu wakaanza kuchangamka, Chacha wa redio akawa anatangaza kila zamu kana kwamba ameijenga yeye. Ndipo simu zikalia: Chacha Mwita, nyumba ya Boke. Nimewaona wawili. Naomba mniambie ni yupi.

Wote wawili walikuwa wamesogeza ng'ombe. Wakasimama. Ng'ombe wao wakaanza kuchanganyikana, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu njia ya kuwatofautisha kila mtu alikuwa nayo na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia. Mzee Marwa akakohoa. Mtu wa nyuma akasema, taratibu lakini akasikika, kwamba labda anayeitwa ni huyu wa sindano.

Chacha wa fisi akageuka kama aliyechomwa nayo. "Wa sindano si mimi," akasema.

"Basi wewe ni yupi, mura, mwanaume wetu?" akauliza mzee Marwa. "Roboti inasubiri."

Alitazama ng'ombe wake, akatazama wa mwenzake, akatazama chini. Nilimwona anapima. Halafu akamwendea Ghati, yule yule aliyetaka kumpandisha pikipiki, akamwambia kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mimi ni wa fisi. Niandike hivyo, na mkono wangu nitauinua wewe ubaki na kazi."

Ghati akafungua simu. Akauliza kwa adabu aandike vipi hasa.

"Andika aliyepigana na fisi."

Mzee Marwa, mwenye mbwa, akatazama mawingu. Halafu macho yote yakanijia mimi, maana wanajua nilikuwa mtoni siku ile, na wanajua sisahau. Chacha naye akanitazama. Ghati hakunitazama kabisa, alikuwa ameinamia simu yake na begi lake lilikuwa miguuni, limefungwa.

Kwa miaka yangu yote langoni sikuwahi kukosea jina la mtu wala habari yake. Nikasema, "Alipigana naye. Nilikuwa nachota maji, nikaona. Fisi mkubwa."

Chacha akainua mkono. Na mikono mingine ikafuata.